Uwezo wa Kukataa: Kusoma The Handmaid's Tale Kando ya Ziwa Mweru

Mhadhara kwa wasomaji wa Kiswahili, Nchelenge

Wenyeji wa ufuko huu wa Nchelenge, Zambia, husema Kibemba, lakini Kiswahili si mgeni hapa. Kilifika na misafara ya karne ya 19, kikaota mizizi ng'ambo ya maji, Katanga. Tangu mwanzoni mwa 2018, makazi ya Mantapala yalipofunguliwa kwa watu waliokimbia mapigano Kongo, kimekuwa lugha ya nyumbani kwa maelfu ya wakazi wa wilaya hii.

Nimekuja kuzungumza juu ya kitabu kimoja: The Handmaid's Tale, riwaya ya mwandishi wa Kanada Margaret Atwood, iliyotoka mwaka 1985. Ni miongoni mwa riwaya za distopia, yaani zile zinazochora jamii ya baadaye iliyoharibika ili tuitazame vizuri jamii ya leo. Kwa wale ambao hawajaisoma, habari yake kwa ufupi ni hii. Sehemu ya Marekani imetwaliwa na dola ya kidini iitwayo Gileadi. Uzazi umepungua sana, na wanawake wachache wanaoweza kuzaa wamegawiwa wakubwa wa dola, waitwao Makamanda, kama wajakazi, wawazalie watoto. Mjakazi huitwa kwa jina la mwanamume aliyepewa. Akihamishiwa nyumba nyingine, jina nalo hubadilika. Wanawake hawaruhusiwi kusoma wala kumiliki mali. Wanaowafundisha wajakazi utii ni wanawake wenzao, waitwao Shangazi.

Msomaji akikifunga kitabu hicho, kwa kawaida hutoa moja ya kauli mbili. Yupo anayesema, "Hayo ni mambo ya Wazungu." Yupo anayesema, "Mbona hapa kwetu ndiyo hali yenyewe!" Kusudi langu leo ni kuonyesha kwamba kauli zote mbili zinatuondolea kazi ya kufikiri. Ya kwanza inatutoa ndani ya kitabu; ya pili inatuingiza humo bila kuchunguza chochote. Riwaya hii ina faida kubwa kuliko hiyo, kwa sababu inatupa kipimo. Inatutaka tuulize: je, mwanamke anaweza kusema hapana, kisha siku hiyo hiyo akala, akalala chini ya paa, na akabaki na watoto wake? Asipoweza, amekandamizwa, hata kama mlangoni hapana askari wala sheria iliyobandikwa ukutani. Nitaieleza hoja hiyo kwa hatua nne, kisha nijibu pingamizi.

1. Gileadi imejengwa kwa mambo yaliyokwisha kutendeka

Atwood ameeleza mara nyingi kwamba alijiwekea sharti: asiandike tendo lolote ambalo wanadamu hawajawahi kulitenda mahali fulani, wakati fulani. Sharti hilo ni muhimu kwetu wasomaji, kwa maana linabadilisha namna ya kusoma. Hatusomi utabiri, tunasoma matendo ya kale na ya sasa yaliyokusanywa chini ya paa moja. Mfano mmoja ni Romania, ambako mwaka 1966 serikali ya Ceaușescu ilitoa Amri namba 770 ya kupiga marufuku utoaji mimba, ili idadi ya watu iongezeke. Mimba ikawa shughuli ya dola, na wanawake wakapimwa kazini kama mali ya umma. Amri hiyo ilidumu hadi utawala ule ulipoanguka mwishoni mwa 1989.

Lakini hatuhitaji kwenda Ulaya. Bonde hili la Luapula na nchi ya Katanga vina ushahidi wao. Mmisionari Dugald Campbell aliandika maisha ya mwanamke wa Kiluba aitwaye Bwanikwa, na baadaye mwanahistoria Marcia Wright akayachambua katika kitabu chake cha 1993 juu ya wanawake na utumwa Afrika ya Mashariki na Kati. Mke mmoja wa baba yake Bwanikwa, binti wa mtu mkubwa, alifariki, na baba akadaiwa fidia ya kifo hicho. Alipokosa cha kulipa, akamtoa binti yake. Tangu hapo Bwanikwa alipita mikononi mwa bwana mmoja hadi mwingine, mara nyingi, katika miaka ile ya mwisho ya biashara ya watumwa. Hatimaye aliolewa, lakini hata katika ndoa alihesabika mtu aliyenunuliwa, mpaka akafanya kazi, akakusanya mali, na kumlipa mume wake mwenyewe fidia ya kujikomboa.

Ndugu zangu, tulitafakari jambo hilo. Mjakazi wa Gileadi huhamishwa nyumba kwa nyumba, na msomaji wa Toronto hushtuka, akaliita jambo la kubuni. Msomaji wa Luapula ana jina la mtu aliyehamishwa hivyo hivyo. Tena, Bwanikwa hakutolewa na mtu aliyemchukia. Alitolewa na baba aliyebanwa na deni, kwa utaratibu ambao wote waliokuwapo waliuona halali. Hapo ndipo riwaya na historia zinapokutana: chuki haikuhitajika. Ulihitajika utaratibu unaomfanya mwanamke kuwa kitu cha kulipia deni la mtu mwingine.

Utumwa ulipokwisha, utaratibu ulibadilisha sura. Katika miaka ya 1930 na 1940 serikali ya kikoloni ya Rhodesia ya Kaskazini ilishirikiana na mamlaka za kienyeji kuwazuia wanawake wasio na waume kwenda kwenye miji ya migodi. Mwanamke aliyekutwa mjini bila cheti cha ndoa aliweza kurudishwa kijijini. Upande wa pili wa ziwa, Wabelgiji waliwatoza kodi wanawake walioishi mijini bila waume. Katika mifano yote miwili mwanamke alitambuliwa na dola kupitia kwa mwanamume. Akikosekana mwanamume, yeye mwenyewe alikuwa kosa.

2. Ukandamizaji huanzia kwenye riziki

Ukurasa unaonishughulisha zaidi katika riwaya hauna damu. Msimulizi, ambaye baadaye atafanywa mjakazi, anakwenda dukani, kadi yake inakataa kulipa. Siku hiyo hiyo wanawake wote kazini kwake wanafukuzwa. Baadaye anaelezwa kwamba fedha za kila mwanamke zimezuiwa, na kwamba mume au ndugu wa kiume ndiye atakayezitumia. Mumewe ni mtu mwema, anamwahidi kumtunza. Hata hivyo mwanamke anahisi kwamba kuna kitu kimevunjika kati yao, kwa sababu tangu saa ile wema wa mume umekuwa ndiyo riziki yake. Mavazi mekundu ya wajakazi, ibada za kulazimishwa na kunyongwa hadharani vinakuja baadaye. Vinawezekana kwa kuwa tayari wanawake wamekatwa uwezo wa kuondoka.

Tuitazame sasa riziki ya ufuko huu. Wanaume huvua, wanawake hununua kwenye mwalo, hukausha, hubanika, husafirisha mpaka Mansa na Copperbelt. Samaki wa thamani, aitwaye pale, anahitaji mtumbwi mzuri na nyavu nyingi, na vyombo hivyo kwa sehemu kubwa viko mikononi mwa wanaume. Chisense, yule dagaa wetu anayevuliwa usiku kwa taa, alifungua mlango mpya. Mwanahistoria David Gordon, aliyeandika juu ya uvuvi wa Mweru na Luapula, ameonyesha kwamba chisense iliwapa wanawake nafasi ambayo uvuvi wa samaki aina ya pale haukuwapa, kwa kuwa mtu aliweza kuanza na mtaji mdogo. Somo lake ni kwamba mazoea ya kugawana kazi hayakuteremka kutoka mbinguni. Chombo kinapopatikana kwa bei ya chini, nafasi ya mwanamke hubadilika bila mahubiri yoyote.

Lakini kila mwaka ziwa hufungwa kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari ili samaki wazaliane. Sheria hiyo ni ya haki na ya lazima. Mwezi Machi ziwa likifunguliwa, akiba za nyumbani zimekwisha, wanunuzi ni wengi, na mwenye samaki ndiye anayechagua amuuzie nani. Hapo kipimo chetu kinafanya kazi. Mchuuzi mwenye mtumbwi wake, au mwenye akiba ya kikundi, anaweza kujadili bei. Asiye na kitu hujikuta akijadiliwa yeye. Biashara ya samaki kwa ngono imeandikwa kando ya maji mengi ya Afrika. Hapa Zambia, Sonja Merten na Tobias Haller waliichunguza katika mabonde ya Kafue na kuchapisha utafiti wao mwaka 2007, wakikosoa mazoea ya kuizungumzia kama ukosefu wa maadili wa wanawake. Upande wa Kenya, kando ya Ziwa Viktoria, inajulikana kwa jina la jaboya.

Na Kenya hiyo hiyo ina jibu la kutazamwa. Mwaka 2011 wanawake wa Nduru Beach walianzisha kikundi cha kumiliki mitumbwi yao wenyewe, wakawaajiri wanaume wavue. Mwenye mtumbwi hakulazimika kumbembeleza mtu ili apate samaki. Hakuna aliyewahubiria wavuvi wawe watu wapya. Kilichobadilika ni nani anamiliki mbao na nyavu. Mwaka 2020 mafuriko yalikikumba kijiji hicho na kuwahamisha watu wake, na wanawake wengi wakapoteza walichokuwa wamekijenga. Tukio hilo halivunji hoja yangu, linaikamilisha. Uwezo wa kukataa ukisimama juu ya mguu mmoja, mtumbwi peke yake, huanguka na mtumbwi. Unahitaji pia akiba, ardhi, na sheria.

3. Sheria njema inaweza kuacha mlango wazi

Hapa najua wazee wetu wana neno la kusema, nami nalisema kwa niaba yao: "Sisi wa Luapula tunafuata ukoo wa mama. Mtoto ni wa ukoo wa mamake. Mwanamke wa hapa hawezi kulinganishwa na mjakazi." Neno hilo lina uzito. Ian Cunnison alieleza mpangilio huo katika kitabu chake cha 1959 juu ya watu wa Luapula, na Karla Poewe akaandika kitabu kizima mwaka 1981 juu ya uhusiano wa wanaume na wanawake ndani yake. Ukoo wa mama humpa mwanamke watu wa kumkimbilia, na hiyo ni nguvu halisi ambayo wanawake wa mahali pengi duniani hawana. Lakini tutofautishe mambo mawili. Kupitia kwa mwanamke ni jambo moja, kushikwa na mwanamke ni lingine. Cheo na mali hupita kwa mama, mara nyingi vikashikwa na mjomba, kisha na mpwa wa kiume. Na mume anapofariki, ukoo wa mama unaodai mali ni ukoo wa mama wa marehemu. Mjane aliyefanya kazi na mumewe miaka yote huweza kuonekana mgeni katika nyumba aliyoijenga.

Zambia iliona tatizo hilo, ikatunga sheria ya mirathi ya mwaka 1989 kwa wasioacha wosia. Sheria hiyo inagawa mali ya marehemu hivi: nusu kwa watoto, asilimia 20 kwa mjane au mgane, asilimia 20 kwa wazazi, na asilimia 10 kwa wategemezi wengine. Inafanya pia kosa la jinai kumpora mjane. Ni sheria njema, na imewaokoa wengi. Lakini haihusu ardhi inayomilikiwa kimila, wala mali ya ukoo. Nanyi mnajua kwamba nje ya boma ardhi ya vijiji vyetu ni ya kimila. Kwa hiyo pale mjane anapoihitaji sheria zaidi, kwenye shamba la mihogo linalomlisha, sheria inasimama mlangoni. Gileadi iliondoa haki za wanawake kwa tamko moja. Katika nchi yenye amani, haki huweza kupungua kwa njia ya polepole zaidi, kupitia kifungu ambacho wengi hawajakisoma.

Nisieleweke kwamba hatuendi mbele. Tangu 1997 Zambia ina utaratibu wa kumrudisha shuleni msichana aliyejifungua, wakati jirani zetu wa Tanzania waliondoa zuio lao mwaka 2021 tu. Tangu 2022 shule za sekondari za serikali hazitozi ada. Mwaka 2023 sheria ya ndoa ilirekebishwa ili umri wa chini uwe miaka 18, ndoa za kimila zikiwemo. Kila moja ya hatua hizo inaongeza idadi ya wasichana wanaoweza kusema hapana na kusikilizwa.

4. Anayesoma, na anayesimuliwa

Gileadi ilikataza wanawake kusoma, hata vibao vya maduka vikawa picha tupu. Katika bonde hili tunajua thamani ya alichonyimwa mjakazi yule. Mwaka 1915 Mabel Shaw alifika Mbereshi, akaanzisha shule ya bweni ya wasichana iliyokuwa ya mwanzo katika nchi hii. Ni kweli kwamba shule ile ililenga kuwaandaa wasichana kuwa wake wa Kikristo, kwa mpango uliobuniwa na wageni. Lakini anayejifunza kusoma Injili anaweza pia kusoma barua, mkataba, na hati ya mahakama. Ndiyo maana Gileadi iliogopa herufi zenyewe, hata Biblia ikafungiwa kabatini na kusomwa na Kamanda peke yake.

Kuna jambo jingine ambalo wasomaji wengi hulipita haraka. Riwaya haiishii kwa mjakazi. Inaishia kwenye mkutano wa wataalamu mwaka 2195, ambapo profesa mmoja anaeleza jinsi sauti yake ilivyopatikana kwenye kaseti. Profesa huyo anajishughulisha mno kumtambua Kamanda. Mwanamke aliyeteseka anabaki bila jina la hakika. Kwa hiyo mateso yana awamu ya pili: mtu huteswa, kisha husimuliwa kwa namna inayomweka pembeni ya habari yake mwenyewe.

Sisi wa ufuko huu tuna kisa cha kulinganisha, nacho ni cha Nachituti. Mapokeo yanasema kwamba Nkuba, mtawala wa Washila, alimuua mtoto wa dada yake Nachituti na kuichuna ngozi yake. Mama huyo akaenda kwa Mwata Kazembe, mtawala wa Walunda, kuomba haki. Nkuba akauawa, na Nachituti akampa Kazembe kikapu cha udongo na chungu cha maji, yaani nchi na ziwa. Gordon alikipa kitabu chake cha 2006 jina la zawadi hiyo. Kisa hiki husimuliwa hasa kueleza kwa nini Walunda wana mamlaka hapa. Mimi naomba tukisome kuanzia kwa mama. Ziwa hili, kwa mujibu wa mapokeo yetu wenyewe, lilitolewa na mwanamke aliyekuwa akidai haki ya mtoto wake. Ikiwa mkono wake ulitosha kulitoa, mikono ya mabinti zake inatosha kumiliki mtumbwi juu yake.

5. Pingamizi tatu

Pingamizi la kwanza ni la haki: kwamba Atwood alichukua mateso waliyoyapata wanawake weusi watumwa, akayavisha wanawake weupe ili dunia ishtuke. Katika riwaya yenyewe watu weusi wanahamishwa na kutoweka kwa sentensi chache. Nalikubali kama udhaifu wa kitabu. Lakini kutokana nalo sifikii uamuzi wa kukiacha. Nafikia uamuzi wa kukisoma sambamba na maisha ya Bwanikwa, ili kilichofichwa pale kionekane hapa.

Pingamizi la pili ni la waumini, na katika nchi iliyojitangaza ya Kikristo mwaka 1991 linastahili jibu la heshima. Je, riwaya inaishambulia dini? Tazameni nani anapigwa vita na Gileadi: Wabaptisti, Wakatoliki, Waquaker. Waquaker ndio wanaowasaidia wanawake kutoroka. Riwaya inapinga dola inayokamata kisa cha Raheli na mjakazi wake Bilha, ikakigeuza kuwa amri. Muumini anayependa Maandiko ana sababu kubwa kuliko mtu yeyote ya kuchukizwa na matumizi hayo.

Pingamizi la tatu husemwa na wavuvi: "Sisi nasi ni maskini, mwenye nyavu hutunyonya, ziwa likifungwa tunalala njaa." Ni kweli tupu. Lakini maskini wawili hawana uzito sawa ikiwa mmoja anaombwa fedha na mwingine anaombwa mwili. Tena mvuvi asiye na nyavu na mchuuzi asiye na mtumbwi wana dawa moja: umiliki wa pamoja na bei ya wazi. Haki ya mwanamke haitapunguza samaki wa mvuvi hata mmoja.

Hitimisho

Mabibi na mabwana, nimesema kwamba ukandamizaji hupimwa kwa uwezo wa kukataa, na kwamba uwezo huo hukaa katika vitu vinavyoshikika: mtumbwi, akiba, shamba, wosia, kitabu. Kwa kuwa vinashikika, vinaweza kujengwa. Nawaomba mfanye mambo manne kabla ziwa halijafungwa tena. Vyama vya wavuvi viandikishe wanawake kama wamiliki wa vyombo, na majina yao yawemo katika daftari. Kila mwenye nyumba, mume na mke, aandike wosia, wala asingoje ugonjwa. Machifu na mabaraza yao wakubaliane wazi kwamba mjane haondolewi kwenye shamba alilolilima. Na walimu wawasomeshe wavulana riwaya hii pamoja na wasichana, kwa maana mume mwema wa kitabuni alishindwa kwa sababu hakuwahi kufundishwa kwamba wema wake hauwezi kuchukua nafasi ya haki ya mkewe.

Kizazi kijacho cha Nchelenge kitaandika habari zetu. Tufanye kazi ili kitakapoandika juu ya mama zake, kiwe na majina yao kamili, na kiyakute kwenye hati za mali.